Waza Alipoita Majina

Ninaandika haya kwa ajili ya mwanamke ambaye leo asubuhi, akiwa anaoga, mkono wake umesimama mahali fulani ukakataa kuendelea. Ninamjua. Nilikuwa yeye. Yalikuwa majira ya masika, maji ya moto yalikuwa yanapoa upesi ndani ya beseni, na mimi nilisimama na sabuni mkononi nikijiambia kwamba ni mtoki tu, au ni uchovu wa cherehani, au ni mfupa. Lakini mfupa hausogei. Kile kilisogea.

Ninaandika pia kwa sababu watu wananiuliza habari za Waza. Wakijua kwamba sisi ni marafiki tangu utoto, wanataka niwaeleze yule wa jukwaani, mwanamke wa Kisambaa mwenye gitaa la umeme na koti jeusi, aliyeimba roki mpaka nchi za mbali zikamjua. Yule siwezi kuwaeleza vizuri, maana sikumwona sana. Ninayemjua mimi ni Eliwaza wa Malindi, ile ya milimani Lushoto, na sikupata kumjua vizuri kama mwaka ule nilioumwa. Kwa hiyo nitayasimulia yote mawili kwa pamoja. Kwangu hayatenganiki.

Tulizaliwa Malindi, nyumba zetu zikitenganishwa na matuta ya kabichi na kijito kidogo. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, baba yangu alifundisha madrasa. Idi alikula kwetu, Krismasi nilikula kwao, na mama yangu alimhesabu kama mtoto wake wa tano. Tatizo lake lilikuwa sauti. Kwenye kwaya ya watoto mwalimu alimtoa mstari wa mbele akamweka wa nyuma, kutoka wa nyuma akamweka mlangoni, na bado watu waliokuwa ng'ambo ya bonde walimsikia yeye tu. Siku moja mwalimu akamwambia, "Eliwaza mwanangu, wewe imba kimoyomoyo. Mungu atakusikia." Alilia njia nzima kurudi nyumbani. Nikamwambia anyamaze, atawatisha ng'ombe wa watu. Tukacheka mpaka tukakaa chini.

Mzungu mmoja aliyekuwa akifanya kazi za misitu aliacha kanda chache za muziki alipoondoka. Waza alizipata, akazisikiliza kwenye redio ya kaka yake mpaka zikaanza kukwaruza. "Hawa," aliniita kwa jina, "kumbe kuna watu wanaimba hivi na hawafukuzwi." Waandishi wa magazeti wamemwuliza mara nyingi kwa nini aliimba roki, naye huwapa majibu marefu. Mimi najua jibu ni hilo.

Nilipomaliza kujifunza ushonaji pale Lushoto mjini, alikuja na kipande cha turubai jeusi la lori akataka koti. Nilivunja sindano tatu. Lilinuka dizeli. Ndilo alilovaa kwenda Arusha, na baadaye Nairobi, na ndilo lililo kwenye ile picha ambayo watu wengi wanayo. Mimi nikaolewa Lukozi na Salehe, mkulima wa karoti na kabichi. Tukapata binti mmoja, Mwanaidi. Kila Waza aliporudi milimani alifikia kwetu kabla ya kwao.

Halafu mama yangu akafariki, na Waza hakuja.

Hakupiga simu. Alituma ujumbe wa mistari miwili na rambirambi, basi. Kwetu huku mtu anaweza kukukosea mengi mkasameheana, lakini kutokuja kumzika mama aliyekulisha ni jambo jingine. Rambirambi niliirudisha. Simu zake zilipoanza kuja miezi mingi baadaye sikupokea. Nyimbo zake mpya zilipotoka, nikasikia redioni kwamba sauti imeshuka, ina mikwaruzo, haipandi tena kama zamani. Nilimwambia Salehe, "Umeona? Hata sauti ameibadilisha. Hataki chochote cha huku." Tukakaa hivyo miaka saba.

Sasa nirudi kwenye beseni la maji.

Nilificha uvimbe ule kwa zaidi ya miezi miwili. Sioni fahari kulisema, ila nalisema kwa sababu najua wapo wanaoficha sasa hivi. Aliyegundua ni Mwanaidi. Alikuwa ananipima blauzi, pini mdomoni, nikaruka aliponigusa. Akatoa pini zote, akaziweka mezani moja moja, akasema, "Mama, kesho tunakwenda hospitali." Hakuuliza.

Hospitali ya Lushoto wakanitazama, wakaniandikia karatasi ya kwenda Moshi. Moshi wakakata kipande kidogo cha nyama wakasema nisubiri majibu. Kusubiri majibu ni ugonjwa wa peke yake. Nilishona sare za shule wiki hizo kuliko wakati wowote maishani, na nyingine ilibidi nizifumue kwa sababu nilishonea mkono mahali pa kola. Majibu yalipokuja, daktari, binti mdogo tu mwenye miwani, alikaa karibu nami, hakukaa upande wa pili wa meza. Alisema ni saratani ya titi, kwamba imewahiwa, na kwamba anataka kuliondoa lote kisha anipe dawa za dripu. Nikamwambia asante. Nikapanda basi nikarudi nyumbani, nikawaambia watu wangu kwamba siendi tena.

Wifi yangu Hadija, dada yake Salehe, aliniunga mkono. "Kisu kinauamsha," alisema. Akaniletea mizizi kutoka kwa mganga wa upande wa Mtae, nikachemsha, nikanywa. Ilikuwa michungu, na uchungu ule ulinipa moyo, maana nilidhani dawa chungu ndiyo inayofanya kazi. Salehe alikwenda shamba mapema kuliko kawaida, akarudi amechelewa. Katika nyumba yetu, watu watatu tulikuwa tunaogopa, na kila mmoja alikuwa na kona yake ya kuogopea.

Sikujua kwamba Mwanaidi alikuwa amechukua namba kwenye simu yangu.

Waza alifika mchana mmoja wa Agosti, kwenye ile baridi ya ukungu ambao haupandi wala haushuki. Alikuja kwa pikipiki kutoka Lushoto, begi mbele ya dereva, skafu imezungushwa shingoni mpaka kidevuni. Mimi nilikuwa barazani kwenye cherehani. Alimsalimu Salehe kwanza, "Shemeji, habari za siku," Mwanaidi akampa shikamoo, kisha akanigeukia mimi kwa Kisambaa, "Onga mshi, Hawa." Ni salamu ya mchana tuliyozoea tukiwa watoto.

Sikuinua uso. Nikasema, "Umechelewa msiba."

"Najua," alisema. "Sitaki kuchelewa mwingine."

Mwanaidi akaingia ndani. Salehe akakumbuka kwamba ana jembe la kunoa.

Alikaa. Hakuna aliyemkaribisha na hakuna aliyemfukuza. Siku ya kwanza alijaribu kupika, akaunguza maharage mpaka sufuria ikabidi isuguliwe kwa mchanga. Nikamtoa jikoni kwa mkono wangu. Siku ya pili alichota maji, akamwaga nusu njiani. Watoto wa jirani walikuja kuchungulia ukutani kumwona mtu maarufu, wakamkuta amechuchumaa anachambua mboga vibaya. Sikusema naye ila kwa lazima: pita, shika, weka hapo.

Siku ya tatu jua lilitoka. Nilikuwa bustanini nyuma ya nyumba nachuma mchicha, naye akaja akasimama mwisho wa tuta. Akaanza kuifungua skafu. Ilikuwa ndefu, aliizungusha na kuizungusha. Chini yake, kwenye shingo, palikuwa na kovu jembamba kutoka upande hadi upande, kama mshono wa kola.

"Walitoa uvimbe," alisema. "Wiki ile ile aliyofariki mama. Nilikuwa kitandani hospitalini ujumbe wa Salehe ulipofika. Walipomaliza kukata sauti haikurudi. Sikusema neno miezi minne, Hawa. Nilikuwa naandika kwenye daftari kama bubu."

Mchicha uliniponyoka. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeacha matanga ya mama yako ukapanda basi. Nakujua." Akatazama chini. "Na hiyo siyo sababu yote. Niliona haya. Mimi mwimbaji, sina sauti. Aliyejua ni mtu mmoja tu anayenisimamia kazi. Nilipopata sauti kidogo nikakupigia, hukupokea. Nikasema haki yako."

Nilikaa kwenye tuta, kwenye udongo mbichi. Naye akakaa. Nilikumbuka nilivyomsema kwa Salehe kuhusu ile sauti ya redioni, na nikatamani ardhi ya bustani ile ingekuwa laini zaidi, inimeze.

"Umekuja kuniambia nikakatwe," nikasema.

"Hapana. Hilo daktari ameshasema. Nimekuja kukuambia mimi niliogopa nini."

"Kufa?"

"Kufa sikukuogopa sana. Niliogopa kuamka nikiwa mtu mwingine." Akagusa kovu. "Na kweli, Hawa, niliamka mtu mwingine. Yule wa zamani hajarudi. Lakini niliamka."

Ninawaandikia maneno yake kama yalivyo, kwa sababu yalinifaa kuliko mizizi. Hakuniambia kwamba haitauma. Hakuniambia kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Wengi walikuwa wameniambia hayo, na kila nilipoyasikia nilijiona mpweke zaidi.

Jioni ile tulikaa wote sebuleni, na Hadija akaitwa. Nilisema ninakwenda Moshi. Hadija akaanza kulia, akasema kitu ambacho hajawahi kukisema mbele yetu: kwamba shangazi yao aliyemlea alikatwa hivi hivi akafa, na yeye ndiye aliyemwosha. "Nililiona kidonda," alisema. "Sitaki kumwosha mwingine." Kumbe nayo ilikuwa hofu, sikuwa nimeiona kwa sababu ilikuja imevaa ujuzi. Waza akasogea akamshika mkono. Salehe, ambaye hakuwa amefungua mdomo juu ya jambo hili tangu niliporudi na majibu, akasema, "Shangazi alikwenda akiwa ameshaoza. Huyu atakwenda sasa." Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote aliyotoa mwaka ule.

Nilifanyiwa upasuaji kabla ya vuli. Ninachokumbuka ni dari, halafu kiu, halafu sauti yenye mikwaruzo ikisema, "Ameamka, ameamka, mwite nesi." Upande wangu wa kushoto ulikuwa umefungwa bapa kama ubao. Kutoka kwenye kwapa ulitoka mpira mwembamba ulioingia kwenye kichupa cha kukusanyia majimaji, na kila nilipokwenda chooni ilibidi nikibebe. Waza akakiita mkoba wangu. "Usisahau mkoba, mama." Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akaomba tuache, mshono wake unamvuta.

Nyumbani, Salehe alihamia chumba cha Mwanaidi, akamwachia Mwanaidi alale nami. Alisema asije akaniumiza usingizini. Nilikubali siku ya kwanza na ya pili. Baada ya wiki mbili nilielewa kwamba hajanitazama, uso wangu ndiyo, lakini chini ya shingo macho yake yanahama. Mchana mmoja tulikuwa wawili tu ndani, ukungu umejaa mpaka dirishani. Nikamwita. Nikafungua kanga. "Njoo uone," nikasema, "ili tumalize." Alikuja akasimama. Alitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma kama mtu anayekagua shamba la mwenzake. Kisha akasema, "Nilidhani ni kubwa zaidi ya hivyo." Akafunga kanga mwenyewe, akaibana vizuri kwa pini. Siku ile ile alirudi chumbani.

Wanaume mnaosoma haya, tazameni mapema. Mnachokiwazia ni kikubwa kuliko kilichopo.

Dripu zilikuwa sita, moja kila baada ya wiki tatu. Nilikuwa nikihesabu majira kwa dripu. Ya kwanza na mvua za vuli zilianza pamoja. Ya kwanza hiyo ilikuwa na dawa nyekundu kama juisi, na walinionya kwamba mkojo utakuwa mwekundu nisiogope, nikaogopa vilevile. Nywele zilitoka baada ya dripu ya pili. Hazikutoka moja moja kama nilivyodhani. Mwanaidi alinifumua msuko mmoja, msuko mzima ukabaki mkononi mwake. Kucha zikawa nyeusi. Kila chakula kikawa na ladha ya chuma, kama mtu analamba ufunguo. Nilichoweza kula, Desemba, ni plamu mbichi za kijani, nimezichovya kwenye chumvi, na Waza alizitafuta soko zima la Lukozi wakati kila mtu anauza zilizoiva. Wauzaji walimcheka. "Wewe dada umezoea Ulaya, plamu hujui."

Sasa niseme juu ya ukumbi wa kusubiri pale Moshi, maana huko ndiko nilikomwona Waza ninayetaka mumjue.

Ulikuwa ukumbi mrefu wenye mabenchi pande mbili, na mlango mmoja mwishoni. Karani alitoka na mafaili, akaita majina. Alikuwa mama mwenye heshima zake, lakini sauti yake ilikuwa ndogo, na siku ninayoikumbuka alikuwa na mafua pia. Mgonjwa asiposikia jina, faili linawekwa chini ya mengine. Babu mmoja aliyetoka Upareni, aliyekaa karibu nasi, alikuwa amerukwa mara mbili na hakujua. Alishika kofia yake kwa mikono miwili akitazama mlango. Waza alimtazama, akamtazama karani, akainuka.

"Mama, shikamoo," alimwambia karani. "Nisaidie nikusaidie. Nipe jina nikuitie."

Karani akamtazama buti zake na skafu yake. "Wewe ni nani?"

"Msindikizaji wa mgonjwa. Nina sauti."

Karani akasoma jina la kwanza. Waza akajaza hewa kifuani, na nikaona mabega yake yakifanya vile yalivyofanya tukiwa watoto pale juu ya mashamba ya Malindi. Akaita jina la yule babu, na mbele yake akaweka "Mzee." Sauti ilipita ukumbi mzima, ikatoka nje kwenye miti, ikarudi. Madaktari wawili walifungua milango. Babu akainuka kama askari. Watu wakacheka, halafu wakapiga makofi.

Aliita majina yote siku ile. Aliyaita taratibu, kila jina mpaka herufi ya mwisho, na kila mtu alimpa cheo chake: Bibi, Mama, Mzee, Binti. Nimewahi kusikia jina langu likiitwa mahospitalini mara nyingi, na kwa kawaida linakufanya ujisikie faili. Pale watu walikuwa wanainuka wakinyoosha nguo. Kijana mmoja wa maabara ndiye aliyemtambua. Alisimama na vichupa vyake vya damu mkononi akasema, "Huyu si Waza?" Waza akaweka kidole kwenye midomo yake mwenyewe, akaendelea na orodha.

Tangu siku ile, tukifika tu, karani alikuwa akimtafuta kwa macho. Na kwenye nyumba ya wageni ya kanisa tulikolala, Waza alikuwa hawezi kusema mpaka kesho yake. Alikuwa anakunywa maji ya moto na tangawizi na kuniandikia kwenye karatasi. Daktari wake alikuwa amemwambia atunze sauti kwa ajili ya kazi. Nilimkumbusha. Akaandika: *Hii ni kazi.*

Sitaki mdhani alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za karibu. Aligombana na dereva wa basi Mombo mpaka nikaona haya. Dripu ya nne hakuwepo kabisa. Alikuwa na mkataba wa kuimba nje ya nchi, na nilipomwambia "nenda" nilitaka asiende. Alipokwenda nilimchukia kwa siku tatu nzima. Dripu ya tatu ilikuwa imenilaza kwa homa, damu yangu ilikuwa imeshuka, wakaiahirisha ya nne kwa wiki moja, na katika wiki ile nilimwambia Mwanaidi kwamba nimechoka, nitaishia hapo. Asubuhi ya safari nilikuwa bado kitandani, nimegeukia ukuta.

Aliyeingia ni Hadija. Alikuwa amevaa baibui la safari na amebeba chupa ya chai. "Amka wifi," alisema. "Gari linapita saa moja." Nikamwambia siwezi. Akavuta blanketi, akanivalisha soksi, mguu mmoja kisha wa pili, kama mtoto. "Nilisema sitaki kumwosha mwingine," alisema. "Basi inuka uoge mwenyewe." Alikwenda nami Moshi. Ukumbini alikaa wima na hirizi yake na tasbihi yake, akasikiliza kwa makini, na kila jina lililoitwa kwa sauti ndogo akalirudia kwa sauti yake kavu ya sokoni. Karani akamwuliza kama ni ndugu wa yule mwingine. Hadija akasema ndiyo.

Waza aliporudi nilimwambia yote, hata ile chuki ya siku tatu. Akasema, "Tatu tu? Mimi ulinichukia miaka saba." Nikaomba msamaha ndipo, kwa mara ya kwanza. Tulikuwa kwenye benchi la stendi ya Soni tukisubiri gari, mbele yetu akina mama wanauza karoti na peasi. Aliniambia nimfunge skafu vizuri, upepo unaingia. Huo ulikuwa msamaha wake.

Jambo moja la manufaa kwa wenzangu. Baada ya kidonda kukauka, nguo zilinikaa upande, na kwa fundi hilo ni adhabu. Niliweka kitambaa kwenye sidiria, kikapanda mpaka kwenye bega kwa sababu ni chepesi. Nikajaribu mchele, ukaloa jasho. Maharage yakanikaa kama vijiwe. Mwishowe nikashona kifuko cha pamba laini, nikakijaza ulezi uliokauka vizuri, kinakaa kwa uzito wake na kinachukua umbo. Ukioga unakitoa, ukifua unamwaga ulezi kwanza. Waza ndiye aliyekijaribu. Alikivaa, akaruka barazani kama anavyoruka jukwaani, akazunguka, akatikisa kichwa. Hakikuanguka. Mimi na Mwanaidi tulishikana tusianguke sisi. Sasa nawashonea wanawake wengine, na anayetaka kujifunza aje Lukozi aulizie fundi Hawa.

Dripu ya sita iliniangukia ndani ya Ramadhani. Sikuweza kufunga, na hilo liliniuma kuliko sindano, ingawa shekhe alinitumia salamu kwamba mgonjwa ana ruhusa. Kila adhuhuri Salehe alirudi kutoka shambani, midomo imekauka kwa funga, akasimama juu ya jiko kunikorogea uji. Hakuweza kuonja kama chumvi imetosha. Siku nyingine ilizidi, siku nyingine haikuwepo kabisa. Niliunywa wote.

Mvua za masika zilipokuja nilikuwa na nywele fupi kama manyoya ya kifaranga. Daktari mwenye miwani alinipapasa, akatazama picha, akasema nirudi baada ya miezi sita. Akaniandikia kidonge kimoja cha kila siku kwa miaka kadhaa. Vidole vya miguu bado vina ganzi. Mkono wa kushoto sibebi ndoo. Nimeambiwa wazi kwamba hakuna anayeweza kuniapia kitu, na nimeshukuru kwa kuambiwa wazi.

Waza amerudi kwenye kazi zake. Ananipigia Jumapili, akiwa popote. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya alisema, "Andika. Kovu nalo liandike, nimechoka kufunga skafu wakati wa joto. Ila usinifanye shujaa. Andika na maharage yaliyoungua."

Nimeyaandika.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Moshi. Safari hii nilimsindikiza mama mmoja wa Soni, muuza vitunguu, ambaye binti yake alimleta kwangu akiwa ameficha uvimbe tangu kiangazi. Ilikuwa siku ya majibu yake. Tulikaa kwenye benchi, nimemshika mkono, na mkono ulikuwa baridi. Halafu akanigeukia, akanitazama kichwa mpaka miguu kama ndiyo kwanza ananiona.

"Na wewe dada," akauliza, "unaumwa nini?"

Nilifungua mdomo kujibu kama nilivyozoea kujibu mwaka mzima, na neno lililotoka lilinishangaza mimi mwenyewe.

"Niliumwa," nikasema.